Nilivyong'oa NetBEUI ofisini Dodoma, karata za uhasibu zikafika kwa bosi

Wakuu habari zenu. Naleta kisa hiki kama kilivyotokea, nimebadilisha majina tu maana wahusika wengine bado tunasali nao.

Miaka ile ya soko huria, kila mwenye lori ananunua mahindi, nilikuwa IT wa kampuni binafsi ya nafaka hapa Dodoma. IT maana yake kompyuta, printer, simu na feni.

Mashine zetu zilikuwa Windows 98, zinashare mafaili kwa protocol ya kizamani inaitwa NetBEUI. Unachomeka waya, mnaonana.

Kulikuwa pia na WinPopup, ya kutuma ujumbe unaotokea kwenye skrini za wote. Kazi yake rasmi sikuwahi kuijua. Kazi yake halisi: Mwajuma wa mapokezi akiona gari la bosi linakata kona, anatuma ujumbe, na watu wa uhasibu wanaocheza karata kwenye network wanavaa sura za kazi.

Basi bosi, Mzee Athumani, akanunua kompyuta mpya yenye Windows XP. NetBEUI haimo. Haoni faili hata moja.

"Kijana, malori yanapakia Kibaigwa na mimi nimekaa kama mgeni. Nataka nionane na wote."

Nikang'oa NetBEUI kila mashine, nikaweka TCP/IP ambayo XP inaielewa, wote kundi moja la mtandao. Mzee akafungua mafaili yake, akafurahi, akatoka kwenda mjini. Nilijiona fundi kweli kweli.

Hakuna aliyewaza kwamba XP nayo inapokea zile jumbe. Na kwenye XP ujumbe haujifungi mpaka ubonyeze OK.

Mchana Mzee akarudi, Mwajuma akatuma kama kawaida. Mzee akakuta kiboksi katikati ya skrini, kutoka MAPOKEZI:

MZEE ANAPAKI. FUNGENI KARATA.

Akaniita. "Hii nini?"

Mwajuma alikuwa kwenye probation, na mama yake Mpwapwa anamtegemea yeye. Niliogopa jamani. Nikajibu, "Mzee, hiyo ni... taarifa ya usalama."

Akamwita Mwajuma mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii inawafikia wote?"

"Ndiyo mzee. Hapo hapo."

Mzee akanigeukia. "Nionyeshe namna ya kujibu."

Nikamfungulia command prompt, kile kidirisha cheusi cha amri, akaandika kwa kidole kimoja. Kidogo tu, tukasikia kiti kinaanguka uhasibu. Skrini zote zilikuwa zimeandikwa:

NIMESHAPAKI. NANI ALIKUWA ANAONGOZA?

Kisha akamwambia Mwajuma, "Malori yanafika getini mimi sina habari. Wewe unaniona nikiwa bado kwenye kona. Kuanzia leo utatangaza malori." Probation ilipoisha, akathibitishwa kazini.

Uhasibu walininunia mimi, sio Mzee. Wiki haikuisha, mlinzi akaanza kukohoa kila gari la Mzee likitokea, na kikohozi hicho hakikupona mpaka naacha kazi.

Funzo: kabla hujang'oa protocol ya zamani, uliza watu wanaitumia kwa kazi gani. Hawatakwambia ukweli, lakini angalia wanavyoangaliana.

Haya, ofisini kwenu mlikuwa mnashtuana vipi bosi akitokea? Mwageni hapa, mabosi wengi wa enzi zile wameshastaafu.