Kopo Moja kwa Gari Moja

Baba yangu anakaribia kuaibika mbele ya wakwe, na ni mimi peke yangu ninayejua.

Leo dada yangu anaolewa hapa Mahajanga. Atapelekwa na lile gari jeusi la baba.

Zamani baba alisikia kwamba kiwanda cha nta ya kung'arishia gari kinahamia China. Akanunua katoni nzima iliyotengenezwa Ufaransa, akaiweka juu ya kabati, chini ya paa la bati.
Ya China hataki hata kuiona.

Asubuhi nimefungua kopo la kwanza: limekauka kama udongo.
La pili vilevile.
Yaliyobaki, ukiyatikisa, yanagonga kama mawe.

Dada yuko dirishani, hina mikononi: "Kaka, nitaolewa kwa gari lenye vumbi?"

Nikakimbilia dukani. Kopo lile lile, jina lile lile, ila kitakoni pameandikwa China.

"Chukua katoni, mwanangu, zitaadimika," akasema mama mwenye duka.
"Gari ni moja, mama. Nipe moja."

Nikaijaribu kwanza kwenye ukingo wa ndani wa mlango (ndivyo nilivyo). Rangi haikuharibika. Nikapaka gari zima.

Baba akatoka, akajiona uso kwenye boneti, akaokota kopo.
Hakuligeuza.

"Mmeona?" akawaambia wageni. "Hii kazi ya vazaha, Mzungu mwenyewe! Wachina wataweza wapi?"

Kisha akamshika bwana harusi begani: "Mkwe, ngoja nikuletee lako."

Sasa hivi yuko ndani, amepanda kiti, anashusha katoni.

Semeni upesi: nimwambie, au nimwache afungue?