Mihimili Mifupi ya Ndia Kuu

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti nikiwa na ramani kwapani na kofia ngumu kichwani. Mhandisi Mkuu akaniuliza, "Bi Kadzo, umeshawasalimu mafundi?" Nikasema bado. "Basi rudi nje uwasalimu mmoja mmoja, kisha njoo tuzungumze ramani." Niliona ananifanyia mzaha. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, najua kila kitu.

Nilianzia Liwatoni, kwenye ukarabati wa ghala za samaki, na jioni paka walinifuata hadi nyumbani. Baadaye nikapanda cheo nikawa msimamizi wa ujenzi, nikapelekwa Mji wa Kale kujenga upya roshani ya Bi Zuhura, mtaa wa Ndia Kuu. Ile ya zamani ilikuwa imeoza, naye bibi akihifadhiwa mtaa wa Buxton kwa dadake. Mjukuu wake alikuwa karibu kuolewa. Bibi alitaka jambo moja tu: arusi ifanyike kwake, na bwana arusi akija, amtazame kutoka juu ya roshani yake mwenyewe.

Wiki ya tatu kazi ikasimama. Seremala, Mzee Abdalla, alishakata mihimili, yaani mbao nene zinazobeba roshani. Mwashi, Mzee Shee, ndiye wa kuipachika ukutani. Kila asubuhi wazee wale waliamkiana kwa heshima zote, wakaulizana hali za watoto, wakanywa kahawa. Hapo ndipo siku ilipoishia. Nikimuuliza Mzee Shee, jibu ni lile lile: "Chokaa haiyawiva, mwanangu." Chokaa hulowekwa shimoni hadi ilainike, na ile ilikuwa laini kiasi cha kupakwa mkate!

Mhandisi Mkuu akaja kukagua. "Jumatatu nikikuta hivi hivi, naleta mafundi wengine wamwage zege."

Roshani ya zege, Ndia Kuu! Niliumia roho. Nikamvuta Mzee Shee kando.

"Mzee wangu, niambie kweli. Chokaa ina nini?"

"Haina kitu." Akashusha sauti. "Mzee Abdalla mekata mihimili mifupi. Yataka iingie ukutani dhiraa nzima, shubiri mbili, na hii yaingia shubiri moja tu. Wakipanda watu, itaanguka."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie ndimi? Mwanawe memuoa binti yangu. Mkwe hasahihishwi mbele ya watu, wala nyuma yao."

Sikujua nicheke au nilie. Kesho yake niliwaita wote, nikakunjua ramani. "Wazee wangu, naomba radhi. Nilimpa Mzee Abdalla vipimo vifupi. Mihimili yapaswa kuwa mirefu zaidi kwa shubiri moja."

Mzee Abdalla akaitazama ramani, akanitazama mimi, kisha akamtazama mkwewe, ambaye ghafla alivutiwa mno na paa la jirani.

"Vijana nyinyi!" akasema. "Haya, leteni mbao nyengine."

Jumatatu Mhandisi Mkuu alikuta mihimili mipya imo ukutani na Mzee Shee amejaa chokaa hadi nyusi. Furaha yake haikuniepusha na kukaripiwa, maana kwenye ripoti nilikuwa nimeandika kosa ni langu. "Bi Kadzo, na cheti chote kile?"

Siku ya arusi wanawake walijazana roshanini, Bi Zuhura katikati yao, vigelegele hadi mwisho wa mtaa. Mimi nilisimama chini na wazee wangu wawili. Mzee Abdalla aliwatazama kwa muda.

"Wangaliporomoka wote," akasema polepole.

"Alhamdulillahi," akajibu Mzee Shee, "ramani ilirekebishwa mapema."

Nikageuka upande, nikacheka hadi machozi.

Sasa nimestaafu. Wazee wale wametangulia mbele ya haki, na mjukuu wao, damu ya wote wawili, ndiye aliyeniruhusu kusimulia haya. Vijana wa ofisini wakisoma lile faili la zamani hunitania: Bi Kadzo, hata wewe uliwahi kukosea vipimo? Nawajibu ndiyo, mara moja tu, na katika kazi zangu zote hakuna ninayoringia kama hilo kosa.