Kipa Aliyegoma Kuzama

Mzee Pipa hakuwa mnene hata kidogo. Jina alilipata kwa tangi la maji aliloliangalia miaka kumi na tisa katika chumba cha vipimo cha chuo cha michezo. Aliajiriwa kama fundi bomba wa bwawa. Siku mtaalamu wa vipimo alipohama, wakubwa walitazamana, kisha wakamtazama yeye. Akafundishwa, akashika, na tangu hapo ndiye aliyewaambia wanamichezo miilini mwao mna mafuta kiasi gani.

Kazi yenyewe aliieleza hivi: "Mafuta huelea, kila anayepika mchuzi anajua. Misuli na mifupa huzama. Wewe kaa kitini, zama, toa pumzi yote, mengine niachie mimi."

Kiti cha mabomba ya plastiki kilining'inia majini kutoka kwenye mizani iliyofungwa darini. Kasheshe ilikuwa pumzi. Hewa ikibaki kifuani mtu huelea, na mizani humsingizia mafuta asiyokuwa nayo. Ndiyo maana kila mtu alizamishwa tena na tena, mpaka mizani iseme neno lile lile mara tatu.

Lakini Jumatatu moja Mzee Pipa alikuwa na haraka. Binti yake alikuwa amejifungua alfajiri, mjukuu wa kwanza, na babu mpya hakutulia. Majini alikuwamo kipa wa timu ya wanawake, dada mrefu mwenye mabega mapana. Mizani ikasema hivi, ikasema vile, ikasema vingine kabisa. Mzee Pipa akachukua wastani, akaandika asilimia thelathini na tatu, akatoka mbio taulo likiwa bado begani.

Alhamisi jioni kipa alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna?"

"Kocha kanikata. Anasema aliyepita asilimia thelathini hasafiri na timu. Orodha anabandika kesho saa nne." Akajipigapiga tumbo, likalia kama ubao. "Nionyeshe hayo mafuta yako wapi, maana mimi nimeyatafuta sijayaona."

Mzee Pipa alitaka kutania, ndiyo tabia yake, lakini akajizuia. Akafungua daftari. Namba tatu za Jumatatu zilikuwa zimeachana vibaya, kila moja na njia yake. Mgeni wa kazi asingethubutu kuzichukulia wastani. Kosa la namna hiyo hufanywa na mtu aliyezoea. Aliona haya, haya ya kweli, masikio yakamwaka moto.

Nyumbani mkewe alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba, ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge. Nenda kwa kocha ukaseme."

"Ataniambia nimezeeka."

"Kwani hujazeeka? Una mjukuu."

Asubuhi akapiga moyo konde, akaenda kukiri. Kocha, mama mfupi asiyejua kubembeleza, alimkazia macho. "Mpime tena. Nitasimama pale pale nione. Ikifika saa nne nabandika."

Kipa akazama. Mizani ikasoma kilo moja na gramu mia mbili tu, na uzito mdogo majini maana yake mafuta mengi. Akazama tena, ikawa pungufu ya hapo. Kocha akatazama saa, kipa naye akamtazama kocha, na macho yake yalikuwa mekundu, wala si kwa maji tu.

Mzee Pipa aliacha kutazama mizani, akamtazama mtu. Kila alipokaribia kuzama, dada huyu alijaza kifua na kukaza mikono. Alikuwa anayapokea maji jinsi anavyoupokea mpira. Mzee akapiga magoti kando ya tangi.

"Mwanangu, mabeki wakikuachia mshambuliaji peke yake golini, unafanyaje?"

"Nawafokea."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pumzi inakata."

"Basi kawafokee humo chini. Usinyamaze mpaka sauti iishe."

Akazama. Mapovu yakafurika, maji yakamwagika sakafuni hadi viatu vya kocha vikalowa. Kisha kimya. Namba ikapanda, ikatulia: kilo mbili na nusu. Mara ya pili, kilo mbili na nusu. Mara ya tatu, mapovu yakizidi ya mwanzo, hivyo hivyo. Mzee Pipa alipiga hesabu mara mbili.

"Ishirini na mbili," akasema.

Kocha akatoa orodha mfukoni, akaiegemeza ukutani, akaandika. "Hiyo mara ya mwisho ulikuwa unamfokea nani hivyo?"

Kipa akajifuta uso. "Mwanzo mabeki. Ya tatu, wewe."

"Nimesikia," akasema kocha, akiibana midomo ili asicheke. "Kapange mizigo."

Lakini kipa hakutoka. Alizama tena bila kuambiwa, akapiga kelele za furaha huko chini mpaka tangi likatikisika, na Mzee Pipa hakuisoma mizani.