Simu Isiyoshika Kakuma

Mume wangu aliondoka kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 2012 kurudi kwetu Bor, Sudan Kusini. Nchi yetu ilikuwa bado changa, na wanaume wengi wa kambini walikuwa wakipanda magari ya Lokichoggio, wanavuka mpaka pale Nadapal, wanakwenda kutafuta viwanja vya baba zao kabla wengine hawajajenga juu yake. Yeye alikwenda pia kwa ajili ya mama yake. Mama mkwe wangu aliikataa kambi tangu mwanzo. Alisema hawezi kufia mahali ambapo hata bamia haioti. Mimi nilibaki na watoto wetu wawili, binti na mdogo wake wa kiume, kwa sababu ya shule. Tulikubaliana kwamba nyumba ikishasimama, tutamfuata.

Kilichotuunganisha ni simu tu. Alipiga Jumapili baada ya ibada, na mama yake alikuwa akiing'ang'ania simu kabla hatujamaliza kusalimiana. Kwangu mimi hakuwa na maneno mengi. "Uko mzima? Haya, nipe watoto." Alipaza sauti kana kwamba anaongea na mtu wa ng'ambo ya mto, na watoto walimjibu kwa kelele hizohizo, mpaka majirani wakatoka nje kuona ni kesi gani. Aliwauliza wamekula nini. Kila Jumapili, wamekula nini.

Simu yangu ilikuwa mulika mwizi, ya vitufe na tochi, imefungwa kwa mpira nyuma. Nilikuwa nikiuza chai sokoni, na siku moja mwaka 2013, nikiwa nimeinama kuchochea makaa, ilichomoka kifuani ikatumbukia kwenye sufuria. Nilijaribu kuiweka ndani ya mchele na kuianika juani. Haikuamka.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu aliyekuwa ameshapata makao Amerika, akasikia habari hiyo. Haikupita muda mrefu mchungaji mmoja wa kwetu aliyekuwa akitoka huko akaniletea kifurushi kidogo. Ndani yake mlikuwa na simu ambayo sokoni petu hatukuwa tumeiona: kioo kitupu, nyembamba kama kipande cha sabuni iliyokwisha. Shemeji alituma salamu kwamba hiyo ni ya 4G, ya kasi kuliko zote, na sasa tutaonana hata nyuso. Wanawake wa sokoni waliishika kwa zamu, wakapangusa mikono kwanza.

Niliipeleka kwa fundi wa simu, kijana wa Kikongo aliyekuwa na meza yake karibu na duka la Wasomali. Laini yangu ilikuwa kubwa kuliko tundu la simu ile. Fundi akachukua mkasi, akaikata pande zote mpaka ikabaki karibu dhahabu tupu ya katikati. Akaichomeka na kuiwasha. Tulisubiri. Juu ya kioo palikuwa na msalaba mdogo, na maneno ya kusema hakuna huduma. Akaizima, akaiwasha tena. Akasimama juu ya kiti chake akiwa ameiinua, wapita njia wakamcheka.

"Mama, hii telefone iko muzuri sana," akaniambia aliposhuka. "Lakini hapa haina kazi."

"Haina kazi vipi? Ni mpya."

"Simu ni kama redio, mama. Mnara wetu unaongea kwenye masafa yake, na simu lazima iwe na masafa hayohayo ndiyo isikie. Hii wametia masafa mingi, lakini ni ya kule. Hiyo 4G yenyewe Kenya haijafika. Ile moja ya mnara wa hapa, hiyo ndiyo hawakutia."

Nilimwambia basi airudishe laini yangu kwenye simu nyingine. Akaokota vile vipande alivyokata, akavitazama kiganjani kwake. Alijaribu kuishikiza kwa karatasi ya gundi ndani ya simu yake mwenyewe. Ikateleza, nusura ikwame humo, akairudisha kwenye ile ya kioo. Na kuomba laini mpya yenye namba ileile hakukuwa rahisi. Sisi wakimbizi tulikuwa tukisajiliwa laini kwa kitambulisho cha Mkenya tunayemwamini. Yangu niliandikishiwa na rafiki yangu Mturkana aliyekuwa akiniletea makaa, na yeye alikuwa amehamia Lowarengak, ziwani, mume wake alikopata kazi ya samaki. Alikuwa amesema atarudi Krismasi. Nikajiambia, Krismasi si mbali.

Mwezi wa Novemba binti yangu aliumwa jicho, tukapewa rufaa ya hospitali ya Lodwar. Gari lilipoingia mjini, kile kioo kilitetemeka ndani ya mkoba wangu. Nilikitoa nikaona mtandao umejaa. Huko mjini walikuwa wameweka mitambo ya intaneti ya kasi, na masafa yake simu yangu ilikuwa nayo. Nilimpigia mume wangu palepale kwenye ua wa hospitali. Sauti yake ilikuja safi, kana kwamba amesimama nyuma ya mlango.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza. "Nimekupigia mpaka nimechoka."

Nilimweleza habari ya masafa. Alicheka sana. Nikampa namba ya jirani yangu, akaihifadhi kwenye simu yake. Mama yake akaja kwenye simu, akauliza watoto. Nikamwambia binti yuko ndani kwa daktari, jicho limefungwa, na mdogo wake nimemwacha Kakuma.

"Basi wakiwa pamoja," akasema. "Sitaki mmoja mmoja."

Katikati ya Desemba vita vikazuka Juba. Tulisikia kwanza kwenye redio, halafu kwa watu, na habari za watu zilikuwa mbaya kuliko za redio. Siku chache baadaye ikawa Bor. Sokoni palinyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuisikia tena. Wanawake tuliosomesheana watoto, wa kabila hili na lile, tulianza kutazamana na kushusha macho. Nilichukua simu ya jirani nikapiga namba ya mume wangu. Haikulia hata mara moja. Nilipiga tena, na tena. Jirani yangu, mama wa jimbo la Equatoria mwenye moyo mpana, aliniachia simu yake siku nzima kifuani, lakini hakuna aliyepiga.

Ndipo wazo likaniingia. Kama amekimbia, huenda simu yake imepotea. Na kama imepotea, namba ya jirani imepotea nayo. Namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa yangu. Alikuwa akiipiga, pengine, saa hiyohiyo niliyokuwa nimekaa nikitazama msalaba ule juu ya kioo.

Nilikwenda kuomba kibali cha kutoka kambini. Afisa alikuwa kijana wa Kiturkana wa mjini, mwenye adabu.

"Ejok, mama," akanisalimu kwa lugha yao. "Sababu ya safari?"

"Mtandao."

Alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Akatoa simu yake, akanionyesha. "Mtandao si huu hapa? Umejaa."

"Kwako umejaa. Yangu haishiki hapa, inashika Lodwar." Nikaiweka mezani. Aliichukua, akaigeuza huku na huku.

"Simu kubwa namna hii!"

"Mume wangu yuko Bor," nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya heshima njiani na yote yalinitoka. Aliinamisha kichwa akaandika kibali. Alinipa siku tatu, akasema hawezi kuzidisha hapo hata angetaka.

Watoto niliwaacha kwa jirani. Barabara ile ilikuwa na majambazi, tukasafiri nyuma ya gari la polisi, vumbi lao lote likiwa letu. Nilikuwa nimeishika simu mkononi tangu tulipotoka. Tulipokaribia Lodwar ikatetemeka, ikatetemeka tena, nikadhani haitaacha. Zilikuwa arifa za kampuni: namba fulani imejaribu kukupigia. Namba ileile, ya Sudan Kusini, sikuijua. Ilikuwa imepiga na kupiga.

Nilishuka stendi nikasimama jua kali, nikaipiga. Aliyepokea ni mwanamume, akaongea Kiarabu cha Juba. Alisema yeye ana mtumbwi wa injini, anavusha watu mtoni kutoka upande wa Bor. Nikamtajia mume wangu, umbo lake, kovu la shavuni, mama yake mzee.

"Ndiyo, nawajua. Alikuwa akiiomba simu yangu kila nilipofika ukingoni. Wewe ndiye uliyekuwa hupatikani?"

"Ni mimi. Wako hapo?"

"Hapana. Amekwenda."

"Nani amekwenda? Wote wawili?"

Kulikuwa na kelele za watu nyuma yake, mtoto analia, injini inaunguruma. "Amekwenda, dada," akasema, na simu ikakatika. Salio langu lilikuwa limekwisha. Nilikimbia kununua kadi nyingine, nikakwangua kwa kucha mpaka nikachana namba. Nilipopiga tena, na yeye akawa hapatikani.

Amekwenda. Kwa Kiarabu kile, kama kwa Kiswahili, neno hilo halisemi ni mwanamume au mwanamke, wala halisemi ni kwenda kwa miguu au kwenda kusikorudiwa. Nililala kwa mama mmoja wa kanisani karibu na mto Kawalase, ambao wakati huo ulikuwa mchanga mtupu. Mchana nilikaa mjini, nyuma ya maduka, mahali mtandao ulipokuwa na nguvu zaidi. Sikutaka kula kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kazi. Shemeji alinipigia kutoka Amerika, na kweli nikauona uso wake, ukitetemeka na kukatika vipandevipande. Alikuwa akilia.

"Umemwona?" akaniuliza, kana kwamba Lodwar ni Bor.

"Sijamwona."

"Simu inafanya kazi lakini?"

Nikamwambia inafanya kazi. Ningemwambia nini? Alikuwa amefanya wema kwa fedha ya kuosha vyombo vya watu. Lakini baada ya hapo niliitazama ile simu nikatamani kuitupa mchangani, na nikaogopa hata kuiweka chini isije ikazima.

Siku ya mwisho ya kibali ilifika bila simu ya mtumbwi wala ya mume wangu. Niliazimia kutorudi. Polisi wakinikamata, wanikamate mahali penye mtandao. Kabla ya adhuhuri ikalia. Alikuwa jirani yangu wa Kakuma.

"Rudi nyumbani," akasema. "Mtu wako yuko hapa."

"Mtu wangu au watu wangu?"

"Mtu, dada yangu. Rudi."

Nilimkuta ameketi juu ya mtungi wa maji uliolazwa, nje ya nyumba yetu, amevaa shati la mume wa jirani. Kovu lake lilikuwa limezama shavuni, kwa jinsi alivyokonda. Watoto walikuwa wamejibanza kwake pande zote mbili. Alikuwa amepita Juba kwa lori, akafika Nadapal na kundi la watu wa Bor, wakaletwa Kakuma. Alipofika akakuta mlango una kufuli. Alisema alikaa pale chini kabla jirani hajamwona, akidhani nasi hatupo tena.

Nilipiga magoti mbele yake. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliitazama simu mkononi mwangu, kisha akaanza kusimulia mwenyewe, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mtu mwingine.

Mama yake alikuwa ameumia nyonga wakati wa kukimbia. Alimbeba mgongoni mpaka mtoni, wakavuka, wakakaa chini ya mti na maelfu ya watu, hakuna dawa, maji ya mto tu. Mama alijua. Aliomba kitu kimoja, asikie watoto. Mwenye mtumbwi alikuwa mwema, akawapa simu. Kila alipopiga, sauti ya mwanamke ikamjibu kwa Kiingereza kwamba hupatikani. Mama yake hakujua Kiingereza.

"Akaniuliza, 'Huyo anasema nini?' Nikamwambia ni mwalimu. Nikamwambia watoto wako darasani."

Akamshika mdogo kichwani, akaendelea.

"Akasema, 'Basi tusiwasumbue. Tungoje watoke.' Alingoja, kila mara ananiuliza kama wametoka. Mara ya mwisho hakuniuliza."

Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake, amejifunika mdomo kwa kanga. Binti yangu, ambaye jicho lake lilikuwa limepona, akamtazama baba yake.

"Lakini baba, shule imefungwa. Tulikuwa nyumbani."

"Najua," akasema. "Mlikuwa nyumbani."

Rafiki yangu wa makaa alichelewa, akaja kutoka Lowarengak baada ya Krismasi akiwa amebeba samaki wakavu wa kutupa pole. Alinisindikiza dukani nikapata laini yenye namba yangu ya zamani na simu ya vitufe. Mume wangu hakunilaumu hata siku moja, na mimi nilikuwa nikingoja anilaumu ili nipate pa kujitetea. Jumapili baada ya ibada alikuwa akitoka nje ya kanisa na watu wengine, wengine wakitoa simu zao kuwapigia jamaa waliobaki kule, na yeye alikuwa akipita katikati yao bila kusimama, anawatangulia watoto njia ya nyumbani. Jumapili moja mdogo akamkimbilia, akamshika kidole. Akamuuliza leo tutakula nini. Baba yake akasimama pale njiani, akamwinua mabegani, akaningoja mpaka nilipowafikia nikasema, "Maharage."