Vikande Vilivyochimbwa Kabla ya Wakati

Juzi nilikwenda Makambako kwa mwanangu, nikamkuta mama mmoja stendi amekalia kiroba. Nikasikia ile harufu ya udongo wa bondeni. Nilipomuuliza akasema ni vikande vya Makete, vinakwenda Tunduma. Vilikuwa vidogo kama vidole vya mtoto mchanga, nikajua vimechimbwa mapema. Hilo halikunipa shida kulijua, maana hata mimi niliwahi kulifanya.

Kikande, kwa usiyekijua, ni kiazi cha ua linaloota kwenye majani ya bondeni, pale panapotota maji. Ua lenyewe ni la rangi ya waridi, limepangana kwenye bua kama punje za hindi. Bibi aliyenilea kule Kitandililo alikuwa anavikausha, anavitwanga, anapika na karanga na maji ya majivu mpaka vigande, tunakata kwa kisu. Chini ya kila ua kuna viwili, kimoja kimenywea, kingine kigumu cheupe. Tulikula hicho kigumu, na ndicho hasa kingeota mwakani. Basi ilikuwa marufuku kuchimba mpaka ua likauke, na ukichimba unakung'uta mbegu zake, laini kama vumbi, mle mle shimoni.

Sasa shangazi yangu aliyeolewa Tandala akajifungua. Bibi akasema atakwenda kumwona, na atakayempatia vikande vya kupeleka ndiye atakayefuatana naye. Mimi gari nilikuwa naliona tu likipita. Bibi alipokwenda kanisani nikashuka bondeni na jembe, maua bado yamechanua, nikachimba sehemu yetu yote.

Aliporudi akanikuta huko huko bondeni, hakunipiga. Aliokota ua moja kwenye matope, akalikung'uta kiganjani. Hakikutoka kitu.

"Mjukuu wangu, mwakani tutachimba nini?"

Kesho yake alipanda gari na binamu yangu Tulalumba. Mimi aliniacha nivirudishe vikande ardhini kimoja kimoja. Shangazi yako, alisema, atakula ugali kama watu wengine.

Mvua iliyofuata viliota vinne. Bibi akavizungushia vijiti ng'ombe wasikanyage, akakataza mtu kuchimba. Miaka mitatu hatukuonja kikande. Wa nne bibi akafariki, hajaonja tena.

Bonde lile sasa wamelitoa maji kwa mifereji, ni kabichi na viazi mviringo mpaka mtoni. Lakini ukinipeleka pale nitakuonyesha vile vinne viliota wapi.