Jawabu kwa Myunani

Katikati ya miaka ya themanini, kila Jumamosi baada ya alasiri, tulikuwa tukikutana katika chumba cha nyuma cha maktaba moja ya Likoni kuzungumzia vitabu. Wanachama wengi walikuwa wazee wa mtaa, mmoja wao baharia mstaafu. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu wa sekondari, kijana wa Kiislamu kutoka Mumias, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi kupita kiasi. Nilimpenda. Na kwa jinsi alivyokuwa akiniazima vitabu kisha akasahau alilotaka kusema, nilijua naye yumo, ila mdomo hana. Shangazi aliyenilea hakuniruhusu kwenda peke yangu. Alikuja kunichunga, na haukupita muda akawa anazungumza kuliko sote.

Siku moja mwalimu akatuletea mashairi ya Wayunani wa kale, yale yaliyokuwa yakiimbwa kwa kinubi. Akasoma moja, akitufasiria kutoka Kiingereza: mwanamume amesimama nje ya nyumba ya ampendaye, mvua yamnyea, anasihi afunguliwe mlango. Alipomaliza alinitazama mimi badala ya kitabu. Wazee wote waliona.

"Na jawabu lake?" shangazi akauliza.

Mwalimu akaeleza kwamba halina, na mtunzi mwenyewe kafa zamani za kale.

"Zamani zote hizo mtu katunga, hapana aliyemjibu? Wayunani hawa hawakufunzwa adabu?"

Kwetu Pwani shairi ni kama salamu, lazima liitikiwe. Basi Jumamosi iliyofuata shangazi alisimama, akajifunga leso vizuri, akamwimbia Myunani jawabu lake. Alimwambia arudi kwao akajifute maji, kwani mwanamke mwenye watu hatongozwi mlangoni. Mwanamume akiwa na nia, ana ulimi na ana wazee. Macho alikuwa kamkazia mwalimu.

Chumba kizima kikamngoja. Naye, maskini, akasema, "Ahsante mama, beti nzuri sana," akafunua ukurasa mwingine.

Nilitamani kumtupia kiti. Kwa wazee wale, mtu akijibiwa akanyamaza ameshindwa, na mambo yameisha. Nyumbani nililia mpaka shangazi akaniambia nipunguze sauti, majirani watadhani kuna msiba.

Nadhani yule baharia mstaafu alimfuata mwalimu hadi feri akamfunza dunia, maana Jumamosi ya pili yake alikuja na karatasi. Alisoma jawabu lake mwenyewe. Mizani ilichechemea, vina vikagongana kama sufuria mkokotenini. Wazee wakakohoa kuficha kicheko. Lakini alisema mbele ya watu kwamba aliye mlangoni ni yeye, na wazee anao. Sikuweza kuinua kichwa kwa furaha na haya.

Shangazi alimsikiliza hadi mwisho. "Mshororo wa mwisho umepungua," akasema. "Hebu lete hapa, mwanangu."

Akaomba kalamu, akaanza kuunyoosha, akipima mizani kwa vidole. Shangazi hakuwahi kumtengenezea shairi mtu asiye wa nyumbani kwake. Nikajua nimeolewa.