Sauti Safi Kabla ya Saa Kumi na Mbili

Mwaka ule nilikuwa mama wa Kikristo wa kuigwa, haki ya Mungu. Mtu mzima ovyo, lakini wa kuigwa. Nilikuwa na Biblia yenye zipu, kalamu tatu za rangi, na simu iliyojaa sauti yangu mwenyewe ikisoma Neno.

Mambo yalianzishwa na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu hapa Bariadi. Alitufungulia kundi la wasapu, akatupa utaratibu: kila alfajiri unasoma sura moja, unajirekodi, unatuma kabla ya saa kumi na mbili. Sauti iwe safi, alisisitiza, tusisikie masufuria wala watoto, maana eti Mungu hapendi fujo. Aliyechelewa, jina lake lilibandikwa kundini chini ya kichwa "Waliolala". Mwenyekiti mwenyewe alisoma kwa sauti ya kutetemeka, akivuta pumzi kila mstari kama mtu anayepanda mlima na ndoo kichwani. Nilimdharau vibaya sana. Na kila alfajiri nilijitahidi nisome kama yeye. Nyani haoni kundule.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama mkwe. Mume wangu alikuwa kikazi huko Mkula msimu mzima wa pamba. Mama mkwe tulimtoa kijijini, upande wa Lagangabilili, baada ya kufiwa na mumewe, akaja na ng'ombe wake mmoja wa maziwa kwa sababu alikataa katakata kumwacha. Nilimwita Mayu, yaani mama, kama tunavyoitana Wasukuma. Hakujua kusoma. Nami, niseme ukweli, moyoni nilimwona mshamba aliyekuja kunijazia kinyesi uani.

Ng'ombe yule alikuwa mkorofi, hakamuliki na mtu mmoja. Mmoja amshike ndama, mwingine akamue. Mayu anashika, mimi nakamua, saa kumi na moja na nusu, ndivyo tulivyozoea. Kundi lilipoanza, saa ile ile ikawa ya Neno. Nikamwambia Mayu asubiri nimalize. Zizi liko nyuma tu ya dirisha la chumba changu. Alisubiri pale kila siku, ameshika kamba ya ndama, na mimi ndani nimesindika dirisha ili kilio cha ndama kisiniharibie sauti. Mcha Mungu huyo!

Siku yenyewe sura iliyopangwa ilikuwa ile ya mke mwema, yule anayeamka mapema kuliko wote nyumbani. Niliingoja kwa hamu, nilitaka kumfunika mwenyekiti. Mara ya kwanza jogoo akawika katikati, nikafuta. Mara ya pili ng'ombe akalia, nikafuta. Mara ya tatu nilikuwa nusu ya sura niliposikia ndoo ikianguka, kisha Mayu akaniita. Aliita mara moja, si kwa nguvu. Nikajua kuna jambo. Nasema nikajua, sitaki kujificha. Nilitazama simu, zimebaki dakika nne. Nikasogeza mdomo karibu zaidi, nikaendelea hadi mstari wa mwisho, na pumzi za mwenyekiti nikaziweka. Nikatuma. Ndipo nikatoka.

Mayu alikuwa chini, mguu umejikunja, kitenge kimelowa maziwa. Aliona nachelewa, akajaribu kukamua na kumzuia ndama peke yake, ili nikimaliza nikute kazi imekwisha. Hakulia. Aliniomba tu nimfunike miguu kabla majirani hawajafika.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Nikiwa kwenye benchi la hospitali nikafungua simu. Amina zimepangana, viganja vya maombi vimejaa, mmoja kaandika amebarikiwa sana, mpendwa. Nikaisikiliza ile sauti. Ndoo inasikika. Mayu anasikika, tena waziwazi. Hakuna mmoja aliyeuliza kulikoni, kwa sababu hakuna mmoja aliyesikiliza. Wala mimi sikuwahi kusikiliza ya mtu hata siku moja. Nilikuwa nabandika Amina yangu, natazama kama jina langu halimo kwa Waliolala. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tulikuwa kundi zima la madebe.

Siku ya tatu mwenyekiti alikuja wodini na akina mama wawili, sare zimepigwa pasi mpaka zinakata, wamebeba sukari na sabuni. Akaomba sala ndefu, wagonjwa wengine wakaamka. Kisha akanisifu mbele ya wodi nzima: eti pamoja na msukosuko wote wa asubuhi ile, Neno sikuliacha, na sura ya mke mwema niliisoma kwa upako hata yeye machozi yalimtoka. Muongo mkubwa. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamtazama Mayu, nikingoja aniumbue, maana ilikuwa haki yake.

Mayu aligeuza uso kwa shida. Hakuwa na kejeli hata kidogo. Mama yule hakuwahi kujua kejeli.

"Ni kweli, alisoma vizuri," akamwambia mwenyekiti. "Mimi nilisikia mpaka mwisho."